Siku mbili kati ya Rubavu na Kalehe



Mwezi huu wa tano unatimiza mwaka mmoja tangu ile mvua ya 2023. Najua wengi watakumbuka Kalehe, na ni haki, wafu wetu wako kule. Mimi leo nataka kuanzia upande wa pili wa ziwa, juu mambo ilianzia kule, na juu kuna kitu nilifanya ile asubuhi ambacho sijakiandika mahali popote.

Ilikuwa siku ya tatu, tarehe 3 mwezi wa tano. Mimi nilikuwa Lubumbashi kazini, mbali sana na kwetu Kabare. Nafungua telefone, naona picha za Rwanda. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 mvua ilinyesha bila kukatika, vilima vikaanguka juu ya nyumba watu wakiwa wamelala. Rutsiro, Karongi, Ngororero, Nyabihu, na Rubavu pale mto Sebeya ulipotoka kwenye njia yake ukaingia ndani ya mji. Asubuhi walikuwa wanahesabu maiti kwa makumi. Kufika mchana zilikuwa zaidi ya 100. Mwishoni walipita 130, na nyumba zaidi ya 5,000 zilibomoka.

Mnakumbuka mwaka ule ulikuwa namna gani. Vita ya M23 ilikuwa inaendelea Rutshuru na Masisi, watu wetu walikuwa wamekimbia na kulala chini ya mahema kando ya Goma, na jina la Rwanda lilikuwa linachoma kila mtu rohoni. Katika kikundi chetu cha promosyo mmoja aliandika: «Banatuletea vita, sasa Mungu anabajibia.» Wengine wakaongeza maneno yao. Hayakuwa maneno ya watu wasiosoma. Ilikuwa ni sisi, maenjinia wa kilimo, watu waliofundishwa miaka mitano namna maji inavyotembea ndani ya udongo.

Mimi sikuandika kitu. Niliweka tu alama ya kucheka chini ya yale maneno, kisha nikarudi kazini.

Saa chache nyuma, dada mmoja wa promosyo anayefanya kazi Kalehe akaandika: «Huku kwetu nako inanyesha tangu juzi. Mulima iko nakunywa tu.» Niliisoma. Hakuna aliyemujibu. Mazungumzo yaliendelea juu ya siasa mpaka usiku.

Kesho yake, siku ya nne, ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Wale wanaojua ile pwani wanajua soko ya siku ya nne: mitumbwi inatoka Idjwi, wamama wanateremka na mihogo na ndizi, watu wengi kuliko siku zingine. Kuelekea jioni vijito vilishuka kutoka milimani na matope, miti na mawe makubwa kama nyumba, vikapita katikati ya Nyamukubi na Bushushu. Waliohesabiwa wamekufa walipita 400, na watu wengi sana hawakuonekana tena. Maiti zilikuwa zinaelea ziwani. Serikali ikatangaza tarehe 8 kuwa siku ya maombolezo kwa nchi nzima.

Yule dada aliandika tena usiku ule wa tarehe 4: «Nyamukubi imeisha.»

Kati ya ujumbe wake wa kwanza na huu wa pili kulikuwa karibu siku moja na nusu. Tangu ile siku najiuliza: namna gani kikundi kizima cha maagronomu kiliona milima ya aina moja, udongo wa aina moja na mvua moja inaua watu ng'ambo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni kilima gani upande wetu kitafuata? Sisemi tungeokoa Nyamukubi kwa telefone. Lakini hata kuuliza hatukuuliza. Nimetafuta jibu katika historia, na ndiyo hiyo nataka kuwaeleza hapa.

Ziwa moja, mpaka wa karatasi

Mpaka unaopita katikati ya ziwa Kivu uliamuliwa Brussels mwaka 1910. Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikaa kwenye meza, wakagawana: kisiwa cha Idjwi kikaja upande wa Kongo, Gisenyi na Cyangugu zikabaki kwa Wajerumani. Watu waliokuwa wanavuka kwa mtumbwi kwenda kuoa na kuuza maharagi hawakuulizwa. Baada ya vita ya kwanza ya dunia Ubelgiji ukapewa Ruanda-Urundi, na mwaka 1925 ukaiunganisha na Kongo katika utawala mmoja. Kwa hiyo kwa karibu miaka 35 pande zote mbili za ziwa zilikuwa na bosi mmoja, na kama tutakavyoona, ziliwekewa mipango ya kilimo iliyofanana.

Mpaka ule haujazuia msiba hata siku moja. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ililipuka na lava ikakata mji wa Goma. Watu laki kadhaa walivuka kwenda Gisenyi. Siasa ilikuwa mbaya, jeshi la Rwanda lilikuwa ndani ya nchi yetu, lakini miguu ya watu ilifuata njia iliyokuwa wazi. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho usiku, ililipuka tena. Maelfu wakavuka tena kwenda Rubavu, wamebeba watoto na magodoro.

Ile ninayokumbuka kwa macho yangu ni ya 2008. Tarehe 3 mwezi wa pili, siku ya Mungu, ardhi ilitetemeka. Nilikuwa mtoto, tulikuwa tumekuja Bukavu kwa mama mkubwa. Kuta zilipasuka, tukalala nje siku kadhaa. Bukavu watu walikufa, lakini upande wa Rwanda ndiko walikufa wengi zaidi, zaidi ya 30, juu watu walikuwa ndani ya makanisa na makanisa yakawaangukia. Mama alisikia hiyo habari kwenye radio, tumekaa kwenye mkeka nje. Akasema: «Batu ya Cyangugu banakufa mu misa, bantu ya Mungu,» kisha akatuambia tupige magoti. Mwaka huohuo Kivu Kaskazini ilikuwa inapigana, mkutano wa amani wa Goma ulikuwa umemalizika majuma mawili tu nyuma. Mama alijua hiyo yote, na kaka yake alikuwa amekufa katika vita ya kwanza. Lakini alipiga magoti.

Sitaki kusema wazee wetu walikuwa watakatifu. Chuki ilikuwepo wakati wao vilevile. Tofauti ninayoiona ni kwamba mama alisikia habari akiwa na watoto na majirani kando yake, na wote walikuwa bado wanaogopa ardhi itatikisika tena. Kufa kwa watu wa Cyangugu ilikuwa habari inayomuhusu yeye mwenyewe, juu mtikiso ulikuwa mmoja. Mimi nilisikia ya Rubavu nikiwa mbali, chumbani peke yangu, katika kikundi ambamo kila mtu alikuwa anatafuta neno la kuchekesha. Nikasahau kwamba mvua ilikuwa moja.

Milima ilichokaje

Sasa tuingie katika kazi yetu.

Baada ya vita ya pili ya dunia Wabelgiji waliogopa sana mmomonyoko katika milima hii. Walikuwa na haki ya kuogopa: watu walikuwa wengi, miteremko mikali, na udongo ulikuwa unashuka ziwani kila masika. Lakini hawakusema sababu ya kweli ya watu kupanda juu hivyo. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, CNKi, iliyopewa uwezo wa kugawa ardhi. Udongo mzuri na mahali pa kulainika vikaenda kwa Wazungu wa kahawa, chai na kinkina. Mwananchi akasukumwa kwenye mteremko, halafu akaambiwa ni yeye anayeharibu mlima.

Dawa waliyoleta ilikuwa mifereji inayokata mlima kwa usawa, na mistari ya majani kama setaria na matete ili kushika udongo. Kwa ufundi haikuwa mbaya, sisi wenyewe tulifanyia mtihani. Ubaya ulikuwa namna ya kuifanya. Ilikuwa kazi ya lazima, bila mshahara, na asiyechimba alilipa faini au alifungwa. Babu yangu kule Kabare aliichimba. Aliniambia: «Ile mifereji ilikuwa ya Muzungu. Sisi tulikuwa tunaichimba na kuichukia siku moja.» Dipanda ilipofika mwaka 1960, watu wa kilima chao waliijaza udongo na kung'oa majani, na waliimba siku ile. Kwao kufuta mfereji ilikuwa ni kufuta fimbo.

Rwanda nayo ilikuwa na mifereji ileile, na baada ya uhuru wao wa 1962 sehemu kubwa iliachwa vilevile. Lakini kutoka hapo njia zilitengana. Kule, mwaka 1974, serikali ya Habyarimana iliweka umuganda kama kazi ya kila juma, na kupigana na mmomonyoko ikawa sehemu yake. Miaka ya 1970 walianza pia kukata materasi, yale ya ngazi, kule kaskazini. Sisi tulipewa Salongo ya Mobutu. Wazee wanaikumbuka zaidi kwa kufagia njia na kusafisha mashamba ya wakubwa kuliko kwa kushika milima. Sheria ya ardhi ya 1973 ikasema udongo wote ni wa serikali, na mashamba ya Wazungu yakapita mikononi mwa watu wenye uwezo. Mkulima mdogo akabaki palepale kwenye mteremko, bila karatasi. Nani atapanda mti wa miaka 20 kwenye shamba ambalo anaweza kufukuzwa mwaka kesho?

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tunasema: Rwanda walikata materasi, sisi hatukukata, basi ndiyo sababu. Lakini Rwanda nao walikufa, na ndani ya wilaya zenye materasi. Kwa hiyo tuangalie vizuri.

Angalieni msitu wa Gishwati, juu ya Rubavu na Rutsiro, pale maji ya Sebeya yanapotoka. Miaka ya 1970 ulikuwa bado na karibu hekta 28,000. Kwanza ulikatwa kwa mradi wa ng'ombe na misonobari, kwa feza za Banki ya Dunia, miaka ya 1980. Baada ya 1994 watu waliorudi kutoka uhamishoni walipewa pa kukaa na kulima ndani yake. Kufika mwanzo wa miaka ya 2000 ulikuwa umebaki na hekta kama 600 hivi. Leo kile kilichobaki ni sehemu ya hifadhi ya taifa Gishwati-Mukura, na miti inarudishwa. Lakini mizizi ya miaka 100 hairudi kwa miaka 10.

Terasi inafanya kazi gani? Inapunguza mwendo wa maji juu ya udongo, maji yanaingia ndani badala ya kukimbia. Kwa mmomonyoko wa kawaida, ule wa kuchukua udongo wa juu, ni dawa nzuri. Lakini kilima kuanguka ni ugonjwa mwingine. Mwezi wa tano, udongo umekwisha kunywa tangu mwezi wa tatu. Maji yanafika chini kwenye tabaka gumu, pale udongo unapokutana na mwamba, na pale panakuwa kama sabuni. Kisha uzito wote wa juu unateremka kwa mara moja. Terasi pekee haizuii hiyo, na mahali pengine inaweza kuongeza maji ndani. Kinachoshika ni mizizi mirefu, mifereji ya kutoa maji nje ya kilima, na kutojenga chini ya mahali panapojulikana kuanguka.

Na sehemu nyingi za tambarare kwenye mdomo wa kijito zinatoka wapi? Ni udongo uliofika kwa mafuriko ya zamani. Kijito kinashuka, kinatupa mawe na matope mbele ya ziwa, miaka inapita, panakuwa pazuri pa kulima na kuweka soko. Mahali panapokaribisha watu ni palepale ambapo mlima umezoea kumwaga mzigo wake. Kalehe haikuwa mara ya kwanza hata kwa macho yetu: mwezi wa kumi 2014 mvua ilibomoa zaidi ya nyumba 700 kwenye pwani ileile, na zaidi ya watu 130 wakasemwa hawaonekani. Rwanda ilikuwa na mwezi wake wa tano wa 2020, watu zaidi ya 60 kwa usiku mmoja. Kila upande ulikuwa na kumbukumbu zake, na kila upande uliziweka ndani ya mpaka wake.

Hata namba hatuna

Mwezi wa sita 2023, wanasayansi wa World Weather Attribution walijaribu kujua kama ile mvua ya kuzunguka ziwa Kivu ilisababishwa na kubadilika kwa hali ya hewa. Walisema hawawezi kujibu, vipimo vya mvua havitoshi. Nilipoisoma niliona haya ya pekee. Wabelgiji walianzisha INEAC mwaka 1933, na kituo chake kikuu Yangambi, na kituo kimoja cha Mulungu karibu na Bukavu, pale wengi wetu tulifanyia stage. Kila asubuhi mtu alikuwa anasoma kipimo cha mvua na kuandika kwenye daftari. Walifanya hiyo kwa faida ya mashamba yao, sawa. Lakini sisi tuliorithi tuliacha vipimo vingi vife, kama tulivyojaza mifereji. Mfereji ulikuwa na fimbo nyuma yake, ninaelewa hasira ya babu. Kipimo cha mvua hakikumpiga mtu.

Tarehe 6 mwezi wa tano, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Guterres, alikuwa Bujumbura kwa mkutano juu ya amani ya Kongo na jirani zake. Mbele ya wakubwa wale alitoa pole kwa Rwanda na kwa Kivu Kusini pamoja. Ilibidi mtu wa mbali atuunganishe katika sentensi moja, sisi tunaokunywa maji ya ziwa moja.

Najua atakayesema: «Wewe unatetea Rwanda.» Hapana. Vita ina wenye kuijibia, na sisameheshi mtu kwa jina la waliokufa Rutshuru. Lakini yule mama wa Rutsiro aliyefunikwa na udongo usiku hakutuma askari mahali popote. Na hata kama moyo unakataa kumlilia, akili ya agronomu ilipaswa kuuliza: ile mvua inaelekea wapi? Chuki ilitunyima huruma, na ilitunyima pia habari. Tuliona kifo cha jirani kama jibu la siasa yetu. Kumbe ilikuwa taarifa ya hali ya hewa, na ilifika kabla ya maji.

Mwezi wa pili mwaka huu nilimuandikia yule dada wa Kalehe. Nilimuambia niliona ujumbe wake ile siku ya tatu, na kwamba alama ya kucheka juu ya wale wafu ilikuwa yangu. Alichukua siku mbili kabla ya kujibu. Alisema: «Nilikuona. Bote nilibaona. Lakini kuomba radhi haishike mulima. Juu ya Nyamukubi kungali udongo unaoning'inia, na batu banaanza kujenga tena pale chini. Njoo uangalie, wewe ulisomea udongo.»

Basi nimeomba likizo mwezi wa sita, kiangazi kikianza. Kama njia inaruhusu, nitapanda mashua Bukavu kwenda Kalehe, na tutatembea juu ya vile vijito na wazee wa vijiji, tuandike ni wapi kilima kimepasuka na ni nyumba zipi ziko chini yake. Pia tutaweka vipimo vya mvua, hata vya chupa ya plastiki, kwa watu watakaokubali kusoma kila asubuhi na kutuma namba kwenye kikundi. Kuna wenzetu wawili wa promosyo wanaofanya kazi Rubavu na Rusizi. Nimewaomba watume za kwao, na wamekubali.

Nahitaji watu wanne au watano, hasa waliofanya pedolojia na topografia. Kila mtu atajilipia mashua. Aliye tayari aandike jina lake hapa chini kabla ya mwisho wa mwezi.